Bunduki ya mwenye shoto

Babu yangu alikuwa na mkuki uliokaa juu ya mlango wa nyumba yake, kwenye kilima kinachoitazama Bwera. Mpini wake ulikuwa umelainika kwa jasho la viganja hata ukang'aa kama uliopakwa mafuta. Siku aliponishushia niushike, nilinyoosha mkono wa kushoto. Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, na shuleni mkono huo ulikuwa umeshaonja fimbo mara nyingi. Nikaurudisha nyuma haraka, nikatoa wa kulia.

"Mjukuu wangu, umeungua?" akaniuliza.

"Hapana, babu. Mwalimu amesema huu si mkono wa kushikia kitu."

Hakubishana na mwalimu. Aliuweka mkuki katika kushoto kwangu, akanishika mabega, akanisogeza hadi mwisho wa mstari wa migomba, upande wa kushoto. "Wewe utasimama hapa," akasema. "Ukirusha, hakuna utakayemgonga." Enzi zao waliwinda kwa mstari, mbwa mbele, watu nyuma. Mwenye shoto alipewa pembeni ili mkono wake uwe na nafasi.

Tukio hilo lilinirudia mwaka huu mpwa wangu aliponijia na swali. Amesomea wanyamapori katika taasisi ya mafunzo iliyoko Katwe, hapa hapa wilayani Kasese, na sasa anajiandaa kujifunza kazi kwa wawindaji wa kitaalamu ng'ambo ya mpaka, Tanzania. "Mjomba," akaniambia, "nitafute bunduki gani? Nataka fupi, ya bolti, na iwe ya mkono wetu."

Mkono wetu. Karibu mtu mmoja katika kila kumi duniani ana shoto, lakini Kiswahili chenyewe kimeupa mkono mwingine kazi na heshima zote: ni mkono wa kulia, yaani wa kulia chakula, na ni mkono wa kuume, wa kiume. Wa kwetu ulibaki kuwa wa kushoto tu. Waliounda bunduki za bolti, zile ambazo kila baada ya kufyatua unavuta kipini na kukirudisha kwa mkono, nao waliufikiria ule ule wa kulia. Tangu Mauser ya mwaka 1898, ambayo bunduki nyingi za uwindaji za leo ni wajukuu wake, kipini cha bolti kimekaa kulia.

Kwanza, tunaongea wapi

Siwezi kuandika habari za bunduki kutoka Bwera kana kwamba naandika habari za majembe. Novemba 2016, mapambano kati ya vikosi vya serikali na walinzi wa ikulu ya Omusinga, yaani mfalme, wa Rwenzururu mjini Kasese yaliacha maiti zaidi ya mia moja. Juni 2023, waasi wa ADF waliivamia Shule ya Sekondari ya Lhubiriha, Mpondwe, karibu kabisa na mpaka wa Kongo, wakaua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi. Kwetu mlio wa bunduki humfanya mama ahesabu watoto wake. Anayetaka kumiliki silaha, hata ya uwindaji halali, na aanze kwa kuikumbuka hofu hiyo ya jirani.

Baada ya hofu kuna sheria. Nchini Uganda hakuna bunduki bila kibali cha polisi chini ya Sheria ya Silaha ya mwaka 1970, na hakuna kuwinda bila ruhusa ya Mamlaka ya Wanyamapori. Uwindaji wa kitalii ulipigwa marufuku 1979, ukarudishwa kwa majaribio mwaka 2001 katika ardhi zinazopakana na Hifadhi ya Ziwa Mburo. Kenya iliufunga mwaka 1977 na haijaufungua tena. Tanzania inauruhusu katika vitalu vyake. Hapa Kasese, zile nyika zinazoonekana ukishuka Kikorongo na kukata kona kuelekea Bwera ni Hifadhi ya Queen Elizabeth, iliyotangazwa 1952 kwa jina la Kazinga na kupewa jina la malkia miaka miwili baadaye. Humo hawindwi mnyama yeyote. Chini ya Sheria ya Wanyamapori ya 2019, anayeua mnyama wa aina iliyo hatarini kutoweka anaweza kufungwa maisha.

Kwa hiyo mpwa wangu nilimwambia hivi: bunduki unayoiulizia ni chombo cha kazi ya mbali na nyumbani, na kibali kitangulie, bei ifuate. Alipokubali hilo, tukaendelea.

Kosa langu

Kabla ya kushika kalamu nilifanya kazi miaka michache katika kambi moja ya uwindaji kusini mwa Tanzania. Bunduki ya kambi ilikuwa ya mkono wa kulia, kama zote. Nilijifundisha kuitumia kwa kushoto: nafyatua, kisha mkono wa kushoto unaachia kifyatulio, unavuka juu ya mgongo wa bunduki, unavuta bolti, unairudisha, unarudi ulikotoka. Shavu linaondoka kwenye kitako, jicho linatoka kwenye darubini. Uwanjani pa shabaha sikuona tatizo, maana karatasi haikimbii.

Kongoni alikimbia. Risasi ya kwanza ilimpata nyuma kidogo ya palipostahili. Mkono ulipomaliza safari yake na jicho kurudi kwenye darubini, mbele yangu palikuwa na majani yanayotikisika tu. Tulimfuata kwa damu tangu asubuhi hadi jua likainama. Tulimpata, tukamaliza mateso yake, lakini saa zile alizitembea kwa sababu yangu, na sijazisahau. Mwindaji anadaiwa na mnyama kifo cha haraka, na risasi ya pili ndiyo dhamana ya deni hilo. Bunduki isiyoufaa mkono wako huichelewesha.

Kuna pia usalama wako mwenyewe. Ganda la risasi likipasuka ndani ya chemba, jambo la nadra lakini linalotokea, gesi ya moto hutafuta pa kutokea, na bunduki hizi zimeundwa kuikinga sura ya anayelenga kwa bega la kulia. Anayelenga kwa bega la kushoto ameuweka uso wake mahali ambapo fundi hakumtarajia.

Jicho ndilo linaloamua

Wazee wa Kikonzo walimjua Kalisa, mwenye wanyama wa mlimani, aliye nusu mtu: jicho moja, sikio moja, mkono mmoja, mguu mmoja. Wawindaji walimjengea vibanda vidogo na kumwekea sadaka kabla ya kuingia msituni. Nilipokua na kujifunza kulenga, niliona hekima katika umbo lile. Mtu akilenga shabaha anakuwa nusu mtu kweli, na nusu inayofanya kazi lazima iwe upande mmoja.

Tatizo ni kwamba jicho na mkono si lazima vikubaliane. Takriban theluthi mbili ya watu wanaongozwa na jicho la kulia, wakiwemo baadhi ya wenye shoto. Kipimo chake hakina gharama. Nyoosha mikono yote miwili, kutanisha viganja ubakize tundu dogo, kisha kwa macho yote mawili tazama kupitia tundu hilo kitu cha mbali, tuseme mnara wa simu. Funga jicho moja, halafu lingine. Jicho ambalo likiwa wazi peke yake bado linauona mnara ndilo linalokuongoza.

Mpwa wangu alisimama uani, akaielekezea tundu milima ya Rwenzori. Kushoto. Mkono kushoto, jicho kushoto: huyo hana sababu ya kuhangaika na bunduki ya kulia. Lakini mwenye shoto anayeongozwa na jicho la kulia, hasa kama ndiyo kwanza anaanza, namshauri ajaribu kujifunza kwa bega la kulia kabla ya kutoa fedha. Mkono hufundishika. Jicho ni gumu zaidi.

Fupi maana yake nini

Watu husema "bunduki fupi" wakiwa na mambo matatu tofauti kichwani, na muuzaji hufaidika na mchanganyiko huo.

La kwanza ni mtutu. Bunduki nyingi za uwindaji zina mtutu wa sentimita 56 hadi 61. Zinazoitwa fupi zina 46 hadi 51. Ndani ya gari la kambi, au katika vichaka vya miiba, sentimita kumi hizo zinaonekana. Lakini mtutu mfupi unapiga kelele zaidi masikioni, na kila sentimita mbili na nusu zinazokatwa huipunguzia risasi kasi ya takriban mita 6 hadi 15 kwa sekunde. Kwa anayepiga chini ya mita 150, kama ilivyo kawaida porini kwetu, hasara hiyo inavumilika.

La pili ni kitako, yaani umbali kutoka kifyatulio hadi begani. Wa kawaida ni kama sentimita 34 au 35, uliopimwa kwa mwanamume mrefu aliyevaa koti la baridi. Kijana mwembamba wa Bwera au binti wa Kinyamaseke aliyevaa shati jepesi atajikuta akinyoosha shingo kuitafuta darubini. Kitako cha sentimita 31 au 32 humtosha. Na angalia ubavu wake: baadhi ya vitako vimepindwa kidogo au kuvimbishwa kwa ajili ya shavu la upande wa kulia, na hata bolti ikiwa ya kushoto, kitako cha namna hiyo kitakusumbua. Ipandishe bunduki tupu begani ukiwa umefumba macho, kisha fumbua. Ukijikuta unatazama katikati ya darubini bila kusogeza kichwa, imekukubali.

La tatu ni urefu wa risasi, kwa kuwa mwili wa bunduki hujengwa kuufuata. Risasi ya .308 Winchester nzima ina milimita 71 hivi, ya .30-06 ina 85, na ya .375 H&H Magnum, iliyotoka mwaka 1912, ina 91. Ukichagua ya .308 unapata bolti fupi, safari fupi ya mkono na uzito mdogo. Inamtosha swala wa ukubwa wa kobu, yule anayesimama kwenye nembo ya taifa letu, ambaye dume lake hufika kilo 90 au zaidi kidogo. Haimtoshi nyati. Kwa nyati Tanzania haishuki chini ya .375, na kwa risasi hiyo bunduki nyepesi na fupi ni adhabu begani. Mpwa wangu akifikia ngazi hiyo atahitaji bunduki ya pili, nzito zaidi.

Kuna watakaomtaja W. D. M. Bell, Mskoti aliyeitwa Karamojo kwa sababu ya Karamoja yetu, aliyeua tembo zaidi ya elfu moja, wengi kwa bunduki nyepesi ya .275 Rigby. Ni kweli, aliweza, kwa kuwa alipasua mafuvu ya tembo ili ajue ubongo umekaa wapi. Nachukua kwake somo hilo la kumjua mnyama kabla ya kumlenga. Mauaji yale ya pembe siyachukui, na sheria za leo zimeyakataa kwa haki.

Pa kuipata

Mwishoni mwa miaka ya 1950 kiwanda cha Savage cha Marekani kilianza kuwauzia wenye shoto bunduki ya bolti ya kiwandani, ya bei ya mtu wa kawaida. Leo Tikka ya Finland, Ruger ya Marekani na Blaser ya Ujerumani nao wanazo. Ile ya Blaser bolti yake huvutwa moja kwa moja bila kuzungushwa, na hufupisha mwili wa bunduki bila kukata mtutu, ila bei yake ni ya mwenye nacho. Ugumu ni kwamba mchanganyiko wa mambo yote, bolti ya kushoto, mtutu mfupi, kitako kifupi na risasi unayoitaka, mara chache hukaa rafuni. Utaagiza, utasubiri, na siku ya kuuza utamtafuta mwenye shoto mwenzako.

Ndiyo maana nilimpa mpwa wangu mpangilio. Bolti ya kushoto usiiachie, maana haibadiliki. Risasi chagua inayopatikana mahali utakapofanyia kazi. Kitako fundi mzuri anaweza kukikata. Mtutu uwe wa mwisho: ukikosa wa sentimita 51, wa 56 hautakuangusha. Na ukikosa yote, tafuta bunduki ya mtutu mmoja inayokunjwa. Hiyo haina bolti, mikono yote kwake ni sawa, na itakufundisha kuiheshimu risasi ya kwanza.

Aliandika yote kwenye daftari, kwa kushoto, mkono ukipita juu ya wino na kuupaka kama wangu ulivyokuwa ukifanya. Hakuna aliyewahi kumchapa kwa hilo, naye hakujua kwa nini nilikuwa namtazama. Alipomaliza tulitoka uani, nikampa fimbo ya kuchungia aipandishe begani amefumba macho, mara ishirini, kabla hajagusa bunduki yoyote. Kisha nikamsogeza hadi mwisho wa migomba, upande wa kushoto, nikamwambia asimame hapo.