Hofu Isiyoondoka Ina Tiba: Namna ya Kumtafuta Mtaalamu wa Tiba ya Mwendo wa Macho

Wazee wetu walisema: aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Ung'ongo hauumi, lakini mwili bado unamkumbuka nyoka. Methali hiyo inaeleza vizuri ugonjwa tutakaouzungumzia leo. Ugonjwa huo unaitwa kiwewe.

Ndugu msomaji, katika nchi yetu watu wengi wamepatwa na mambo ya kutisha. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama katika Ziwa Victoria. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe yaliporomoka kutoka mlima Hanang na kuwafunika watu wa Katesh na vijiji vya jirani. Yapo pia mambo ambayo hayatangazwi redioni. Kuna ajali za barabarani, nyumba kuungua, kipigo, kubakwa, na uzazi wa shida. Watu hupona vidonda vya mwili, lakini wengine hubaki na hofu.

DALILI ZA KIWEWE

Tumfikirie mvuvi aliyenusurika mtumbwi ulipozama. Mwaka mzima umepita. Usiku akisikia upepo, anaruka kitandani. Akilala, anaota maji yanamfunika. Hataki kukanyaga ufukoni. Anagombana na mkewe kwa jambo dogo. Nyavu zake ameziuza, na nyumbani kitoweo hakuna. Majirani wanasema ni mwoga. Wengine wanasema amerogwa.

Mvuvi huyo si mwoga, wala hakurogwa. Ni mgonjwa. Kumbukumbu ya siku ile haikutulia akilini mwake. Kila ikija, mwili wake unaona kama hatari ipo sasa hivi.

Baada ya jambo la kutisha, ni kawaida mtu kukosa usingizi na kushtukashtuka. Wengi hupata nafuu wenyewe baada ya siku au wiki chache, wakiwa kati ya ndugu zao. Lakini dalili zikizidi mwezi mmoja, au zikimzuia mtu kufanya kazi zake, hana budi kwenda zahanati.

TIBA YA MWENDO WA MACHO NI NINI?

Tiba hii haitibu ugonjwa wa macho. Inatibu kumbukumbu inayoumiza. Ilianzishwa na mwanasaikolojia wa Marekani, mama Francine Shapiro. Mwaka 1987 alikuwa akitembea bustanini. Akaona kwamba macho yake yakienda huku na huku haraka, mawazo yaliyokuwa yakimsumbua yanapungua nguvu. Akalichunguza jambo hilo, na mwaka 1989 akatoa taarifa ya utafiti wake wa kwanza. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani liliiweka tiba hii kati ya tiba zinazofaa kwa kiwewe, kwa watu wazima na kwa watoto.

Inafanyika hivi. Kwanza mtaalamu anakuuliza habari za maisha yako na afya yako. Kisha anakufundisha namna ya kujituliza. Hayo yakikamilika, anakuomba uifikirie picha ya jambo lile baya, na useme inakuumiza kiasi gani, kuanzia 0 hadi 10. Halafu anapitisha vidole vyake mbele yako, kulia na kushoto, nawe unavifuata kwa macho tu. Baada ya muda mfupi anasimama na kukuuliza umeona nini au umesikia nini mwilini. Mnarudia hivyo mara nyingi. Polepole ile namba inashuka.

Kila kikao huchukua kama saa moja au saa moja na nusu. Mara nyingi vikao ni 6 hadi 12. Mgonjwa hapewi usingizi. Anajua kila linalofanyika, na anaweza kusema "basi" wakati wowote. Tena halazimiki kusimulia kila kitu kilichotokea. Jambo hilo huwasaidia sana wale wanaoona aibu kusema. Asiyeweza kufuata kwa macho, huguswa mikono kwa zamu, kulia na kushoto.

Kwa nini inasaidia? Wataalamu bado wanabishana. Maelezo mojawapo ni haya. Jaribu kuhesabu fedha huku mtoto anakuuliza maswali. Hesabu inakupotea, kwa sababu akili haiwezi kushika mambo mawili kwa nguvu moja. Vivyo hivyo, ukikumbuka jambo baya huku macho yako yana kazi, kumbukumbu ile inafifia. Tukio hulisahau, ila halikutishi tena kama mwanzo.

JINSI YA KUMPATA MTAALAMU

Ni lazima tuseme kweli. Wataalamu wa tiba hii ni wachache, na wengi wao wako mijini. Kwa hiyo fuata njia hii:

1. Anza katika zahanati yako. Mweleze mganga dalili zote, na tangu lini. Omba barua ya rufaa.

2. Nenda na barua hiyo hospitali ya wilaya au ya mkoa. Uliza kitengo cha afya ya akili. Unaweza pia kumwona ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri.

3. Zipo pia hospitali kubwa zenye wataalamu wa akili, kama Muhimbili ya Dar es Salaam, Mirembe ya Dodoma na Bugando ya Mwanza. Kabla ya kulipa nauli, omba hospitali yako ipige simu kuuliza kama yupo anayetoa tiba hii.

4. Andika kwenye karatasi herufi hizi nne: E M D R. Hilo ndilo jina la tiba hii ulimwenguni kote. Mtaalamu akiziona atajua unachotafuta.

MASWALI YA KUMWULIZA

Kumwuliza mtaalamu si kumkosea heshima. Unakwenda kumfungulia moyo wako, basi yakupasa kumjua. Mwulize hivi:

- Je, umesomea afya ya akili? Una cheti na leseni?
- Je, umejifunza tiba hii kwa kufanya mazoezi chini ya usimamizi wa mwalimu?
- Je, umewahi kumtibu mtu mwenye shida kama yangu?
- Tutakutana mara ngapi, na kila mara ni shilingi ngapi?
- Nikishikwa na hofu kubwa katikati, utafanya nini?
- Je, siri yangu itatunzwa?
- Je, tutazungumza lugha ninayoielewa vizuri?

Nawe usimfiche. Mwambie kama una kifafa, mimba, ugonjwa wa moyo au maumivu ya macho, na kama unakunywa pombe nyingi. Mwambie kama umewahi kufikiria kujiua. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

JIHADHARI NA WALAGHAI

Kupitisha kidole mbele ya macho ya mtu ni jambo rahisi. Kila mtu anaweza. Kazi ngumu ni kumtuliza mgonjwa kumbukumbu inapomvamia. Asiyefundishwa anaweza kufungua kidonda asiweze kukifunga. Basi ondoka ukiona mtu anaahidi kukuponya kwa siku moja. Ondoka akianza kupitisha vidole bila kuuliza habari zako. Ondoka akikuambia uache dawa ulizopewa hospitali, akikushika mwili bila idhini yako, au akidai mbuzi na fedha za kufukuza mashetani.

KAMA HAYUPO KARIBU

Usikae nyumbani ukimngoja. Shirika la Afya Duniani linakubali pia tiba nyingine ya kiwewe. Katika tiba hiyo, mtaalamu anazungumza na mgonjwa na kumsaidia kubadili mawazo yanayomtesa, na kurudia polepole mambo anayoyaogopa. Tiba hiyo nayo huponya. Kama ndiyo iliyopo katika hospitali yako, ianze.

Wakati wa kungoja, jamaa wamsaidie mgonjwa. Msimlazimishe kusimulia. Msimcheke. Ale, alale, afanye kazi ndogo pamoja na wenzake. Asitulize hofu kwa pombe, wala kwa dawa za usingizi zilizonunuliwa dukani.

Mambo mawili hayangoji. Aliyebakwa afike kituo cha afya mara moja, kabla ya saa 72 kupita, ili apewe dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI. Na anayesema anataka kufa, asiachwe peke yake. Ondoeni karibu naye sumu ya panya, dawa za mazao na kamba, mkampeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Ndugu msomaji, mtu aliyevunjika mguu hatumwambii ajikaze atembee. Tunambeba hadi kwa mganga. Aliyeumizwa moyoni naye anastahili kubebwa hivyo hivyo.

MASWALI YA KUJADILI

1. Ni dalili gani zinaonyesha kwamba mtu ana kiwewe?
2. Hofu ikidumu kwa muda gani inafaa kwenda zahanati?
3. Taja maswali matatu ya kumwuliza mtaalamu kabla ya kuanza tiba.
4. Utamtambuaje mlaghai?
5. Katika kijiji chenu, nani anaishi na hofu isiyoondoka? Bila kumtaja jina hadharani, jadilini jinsi ya kumfikisha kwenye tiba.