Usilipie Udongo Nauli

Mtu wa Keringet, kaunti ya Nakuru, akitaka kumtumia dada yake aliye Nairobi au Mombasa ua la nyumbani, kinachomtoa pesa si ua. Ni udongo. Lita moja ya udongo uliolowa haikosi kupita kilo moja, na chungu cha kawaida cha dirishani hubeba lita mbili hivi. Unasafirisha karibu kilo tatu ili mmea wa gramu 200 ufike. Mmea huohuo ukikung'utwa udongo na mizizi ikafungwa vizuri, hauzidi robo kilo. Vipandikizi kumi vya mani planti, pamoja na gazeti lake bichi, havifiki hata hapo.

Tuseme umeambiwa shilingi 500 kwa katoni moja hadi Nairobi. (Bei yenyewe utaiuliza steji, maana inapanda na kushuka.) Katoni ikiingia vyungu viwili, kila ua limekula nauli ya shilingi 250. Ikiingia mimea minane ya mizizi mitupu, ni kama shilingi 62 kila mmoja. Ukipanga vipandikizi 25, ni shilingi 20 kimoja, na hata 13 vikioza njiani, vile 12 vilivyobaki vimekugharimu chini ya shilingi 42 kila kimoja. Mwaka 1893 Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo kutoka Ujerumani, aliagiza vitoto 1,000 vya mkonge kutoka Florida. Vilivyofika Tanga vikiwa hai vilikuwa 62, na ndivyo vilivyoanzisha mashamba ya mkonge ya Tanganyika. Anayetuma vidogo vingi anaweza kupoteza vingi na bado akapata alichotaka. Anayetuma chungu kimoja hana akiba.

Ubaya wa kipandikizi ni subira. Kitachukua wiki kadhaa kutoa mizizi, na miezi kabla hakijapendeza machoni pa mgeni. Kama dada anataka ua la kupamba sebule Jumamosi hii, mtumie pesa kwa M-Pesa anunue kwa wauza miche wa kando ya Ngong Road. Chungu kutoka Keringet nakitetea pale tu ua lenyewe lina historia, tuseme lilikuwa la nyanya, na hata hapo ningetoa udongo kwanza.

Kuhusu njia ya kupeleka, matatu ndiyo ya haraka: mzigo unaoondoka asubuhi kupitia Molo unaweza kulala Nairobi siku hiyohiyo. Lakini steji hawana mizani. Karani anautazama mzigo, anautingisha kidogo, anataja bei, nawe unajitetea. Katoni ndogo iliyofungwa kwa selotepu inakuombea bei nzuri kuliko maneno yako. Kampuni za kuria hupima, na baadhi yao, hasa za kimataifa, huhesabu pia nafasi: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, kisha wanagawanya kwa 5,000. Katoni ya 40 kwa 30 kwa 30 hulipiwa kama kilo 7.2 hata ikiwa imejaa hewa na majani. Kwa hiyo kata katoni iwe ya kimo cha mmea. Posta nayo hutoza kwa uzani, na kwa mmea mkavu ni sawa kabisa. Sansevieria, ambayo huota yenyewe kwenye nchi kavu ya Bonde la Ufa, haijali kukaa gizani wiki nzima mradi hukuimwagilia siku kumi kabla ya safari. Cha majimaji kipande matatu, kikavu kiende Posta.

Kufunga kwenyewe hakuna gharama. Mani planti ikatwe chini kidogo ya kifundo, ibaki na jani moja au mawili. Lowesha gazeti, kisha likamue mpaka lisidondoshe hata tone. Hapo ndipo wengi huharibu, wanadhani maji mengi ni huruma. Zungushia kifundo, funga kwa uzi, kisha tumbukiza sehemu ya chini tu kwenye mfuko wa mkate. Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ipigwe marufuku tarehe 28 Agosti 2017, mfuko wa mkate hautupwi ovyo. Majani yabaki nje, kwa sababu jani likikaa na unyevu gizani huanza kuteleza na kunuka. Jerani ni kinyume: acha kidonda chake kikauke siku nzima, kisha ifunge kwa gazeti kavu. Nafasi iliyobaki jaza unga wa mbao mkavu, ambao hupatikana Elburgon kwenye mbao.

Baridi ihesabiwe pia. Mani planti kutoka Mombasa huumia joto likishuka chini ya nyuzi 10, na usiku wa Julai huku juu haubembelezi mtu. Mzigo wa kutoka pwani upangiwe kufika mchana, usilale ofisini. Wa kushuka pwani upande basi la usiku, mbali na injini.

Kwa nchi za nje, usifunge chochote kabla ya kwenda KEPHIS, shirika la serikali la afya ya mimea, kutafuta cheti cha afya ya mimea. Umoja wa Ulaya unakidai kwa karibu kila mmea tangu Desemba 2019. Mshubiri wa porini na okidi ziko chini ya mkataba wa CITES wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, kwa hiyo zina vibali vyake vya ziada.

Udongo una hasara nyingine isiyoandikwa kwenye risiti. Keringet ni nchi ya viazi, na udongo wa kigeni unaweza kuja na mnyauko wa bakteria, au na ile minyoo ya viazi iliyotangazwa nchini mwaka 2015, ambayo mayai yake hukaa ardhini hata miaka 20 ndani ya vifuko vidogo kuliko kichwa cha pini. Ua likikujia na udongo wake, lioshe mizizi kwenye beseni, na maji hayo uyamwage chooni, si shambani.