Kengele ya Kompyuta Ndogo katika Duka la Kariakoo

Mwenye duka la vitenge katika Mtaa wa Kongo, ambaye bidhaa zake za akiba zimo stoo ya ghorofani, hawezi kuiacha meza yake wateja wanaposongamana, na akipaza sauti kumwita kijana wa juu, sauti hiyo humezwa na vipaza sauti vya machinga, honi za pikipiki na kelele za makuli wanaoomba njia. Kengele ya kawaida ya kitufe na betri ingemfaa kwa kuita tu; lakini haipambanui kati ya haja ya robota moja la kitenge na habari ya hatari, na tangu moto ulipoliunguza soko kuu usiku wa tarehe 10 Julai 2021, sidhani kama yuko mfanyabiashara wa mitaa ile asiyeijua thamani ya kuarifiwa mapema.

Chombo kiwezacho kupambanua hayo ni kompyuta ya ubao mmoja, na mashuhuri kati ya hizo ni Raspberry Pi, iliyoanza kuuzwa tarehe 29 Februari 2012 huko Uingereza, kwa kusudi la kuwafundisha vijana kuandika programu. Ukubwa wake ni takriban wa kadi ya benki, na ukingoni mwake zimepangwa pini 40 katika safu mbili, ambazo kwazo kompyuta hupokea habari za nje na kutoa amri.

Kitufe huungwa kati ya pini ya 11, ambayo katika programu huitwa namba 17, na pini ya 9 iliyo jirani yake, ambayo ni upande hasi. Rezista iliyomo ndani ya kompyuta huiweka pini ya 11 katika volti 3.3, na kitufe kikibonyezwa volti hizo hushuka hadi sifuri. Basi kompyuta hujua. Hapa ndipo ninapopapenda zaidi, kwani kitufe hakikiwashi king'ora, ila hupeleka habari, na baina ya habari na mlio imesimama kanuni iliyoandikwa, ambayo mwenye duka aweza kuibadilisha jioni bila kugusa waya.

King'ora nacho kina masharti yake. Kipo kinacholia chenyewe kikipata umeme, na kipo kinachohitaji kompyuta ikitetemeshe. Mnunuzi amwombe muuzaji akijaribu kwa betri kabla ya kulipa, maana cha kwanza kitalia na cha pili kitatoa mwaliko tu. Tena, madhali pini moja haifai kutwishwa zaidi ya miliampea 16 hivi, ilhali ving'ora vingi hutaka zaidi, ni wajibu kuweka transista katikati: pini ya 13 iiamrishe kwa kupitia rezista ya omu 1,000, na king'ora kichukue umeme wake katika pini ya 2 yenye volti 5. Volti hizo 5 zisiguse kamwe pini ya kupokea habari, kwani zitaiharibu kompyuta.

Programu yenyewe, katika lugha ya Python, ni mistari michache: kubonyeza mara moja, mlio mfupi, kushikilia kwa sekunde tatu, mlio usiokoma. Ila vibati vya kitufe hugongana na kuachana mara kadhaa katika sehemu ndogo mno ya sekunde, na kompyuta, kwa wepesi wake, huhesabu kila mgongano. Kwa hiyo huamriwa ipuuze mabadiliko yanayofuatana upesi kupita kiasi.

Mwanafunzi wa Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, chuo kilichoanza mwaka 1957, aweza kwenda Kariakoo kwa miguu akatafuta vifaa hivi na kuviunga siku iyo hiyo. Lakini aangalie umeme: ukikatika ghafla kengele hunyamaza, na kadi ya kumbukumbu huenda ikaharibika, kwa hiyo betri ya akiba ni sehemu ya chombo. Wala kengele hii haisikii harufu ya moshi. Kitambua moshi hununuliwa peke yake, na hufungwa darini.