Kwa Nini Dawa ya Kifua Kikuu Humezwa Miezi Mingi

Walimu na wazee wa vijiji hutuuliza mara kwa mara swali hili: mtu aliyekuwa akikohoa damu apewa dawa hospitali, baada ya majuma machache kikohozi chatulia, mwili wapata nguvu, naye arudi kulima shamba lake. Basi, yampasaje kuendelea kumeza dawa hata mwezi wa sita? Swali ni la haki, na jibu lake lilipatikana kwa kazi ya miaka mingi, ambayo sehemu yake moja kubwa ilifanyika huku kwetu Afrika ya Mashariki.

Kifua kikuu huletwa na vijidudu visivyoonekana kwa macho. Dakitari Robert Koch, Mjerumani, alivitambua mwaka 1882, lakini kwa muda wa miaka 60 baadaye waganga hawakuwa na dawa ya kuviua. Mgonjwa alilazwa kitandani, akapewa chakula chema na hewa safi, na wengi walikufa. Ndipo mwaka 1943, katika chuo cha Rutgers huko Marekani, Albert Schatz, aliyekuwa akifanya kazi chini ya Profesa Selman Waksman, alipata dawa itokayo katika viumbe vidogo vya udongoni. Ikaitwa streptomisini.

Waingereza waliipata kwa uchache, isiwatoshe wagonjwa wote. Basi mwaka 1947 wakaanza kuipima barabara. Wagonjwa waliochukuliwa walikuwa 107. Mganga hakuruhusiwa kuchagua nani apewe dawa, kwa maana mganga naye ni binadamu, huenda akampa yule amhurumiaye, au yule aonekanaye kuwa atapona. Bwana Austin Bradford Hill, mjuzi wa hesabu, aliwagawanya kwa bahati, na kila fungu likaandikwa katika bahasha iliyofungwa. Watu 55 walipigwa sindano kila saa sita kwa muda wa miezi minne. Watu 52 walilala kitandani tu. Hata picha za mapafu zilisomwa na waganga wasioambiwa ni za fungu lipi. Wale wa kitandani hawakuelezwa kwamba wamo katika jaribio, jambo ambalo leo haliruhusiwi, nasi twaona ni vema lisiruhusiwe.

Miezi sita ilipotimia, katika wale 55 walikuwa wamekufa 4. Katika wale 52 walikuwa wamekufa 14. Habari hizo zilitangazwa mwaka 1948, watu wakafurahi sana. Lakini walipohesabiwa tena baada ya miaka mitano, waliokufa walikuwa 32 katika wale 55, na 35 katika wale 52. Faida ilikuwa karibu kutoweka!

Sababu yake mkulima ataielewa upesi. Ukitega sumu ya namna moja ghalani, panya wengi watakufa. Lakini wakiwamo wachache wasiodhurika na sumu hiyo, hao ndio watakaobaki na kuzaa, hata ghala lijae panya wasioijali. Ndivyo ilivyokuwa mapafuni. Kwa hiyo waganga walianza kutoa dawa mbili au tatu pamoja, ili kijidudu kinachoishinda ya kwanza kiuawe na ya pili. Mwaka 1952 ikapatikana isoniazidi, dawa ya kumeza, yenye nguvu na bei nafuu. Jaribio lililoanza Madras, Bara Hindi, mwaka 1956, likaonyesha kwamba mgonjwa aliyetibiwa nyumbani kwake alipona karibu sawasawa na aliyelazwa, wala jamaa zake hawakuambukizwa zaidi.

Taabu ikabaki moja, nayo ni urefu wa muda. Matibabu yalichukua mwaka mmoja na nusu au zaidi, na wengi waliyaacha njiani. Hapo ndipo hospitali za Afrika ya Mashariki ziliposhirikiana na watafiti wa Uingereza kujaribu miezi sita. Matokeo ya kwanza yalitangazwa mwaka 1972. Waliopewa streptomisini na isoniazidi tu kwa miezi sita, zaidi ya 20 katika kila 100 waliugua tena. Waliopewa dawa hizo pamoja na rifampisini, waliougua tena walikuwa karibu 3 tu katika 100.

Maana yake ni hii. Vijidudu vingi hufa katika majuma ya kwanza, na hapo ndipo mgonjwa ajionapo mzima. Lakini vichache hukaa kama vilivyolala, na dawa haiviui upesi. Rifampisini ndiyo hasa ivifikiayo, nayo yataka miezi. Mtu akiacha mapema, hivyo huamka.

Siku hizi mgonjwa wa kawaida hupewa dawa nne kwa miezi miwili, kisha mbili kwa miezi minne. Aliyekutwa na vijidudu katika makohozi hupimwa tena mwisho wa mwezi wa pili, wa tano na wa sita. Na mganga ndiye asemaye kwamba dawa imekwisha.