Kompyuta Inapoamka Bila Sauti

Kompyuta iliyolala haijazimwa. Katika usingizi uliozoeleka, ambao mafundi huuita S3, prosesa, diski, skrini na chipu ya sauti hukatiwa umeme, na kumbukumbu huachiwa umeme kidogo ili kazi iliyokuwa wazi isipotee. Katika S4 yaliyomo kwenye kumbukumbu huandikwa kwenye diski, kisha umeme hukatwa wote. Majina hayo yametoka katika kanuni za ACPI, zilizotolewa mwaka 1996 na Intel, Microsoft na Toshiba. Kompyuta mpakato nyingi za miaka ya karibuni hazina tena S3. Hutumia usingizi mwepesi kama wa simu, ambamo mfumo endeshi hubaki macho kidogo na kila kifaa hupunguziwa umeme kwa wakati wake. Kwenye Windows, amri ya powercfg /a huonyesha aina za usingizi ambazo mashine husika inaziweza.

Kinachosahaulika usingizini

Sauti ya kompyuta nyingi hufuata mpangilio wa HD Audio, uliotolewa na Intel mwaka 2004. Ndani yake mna chipu, mara nyingi ya Realtek, inayogeuza tarakimu kuwa mkondo wa umeme unaotikisa spika. Chipu hiyo ina rejista zinazohifadhi maagizo: sauti iwe kubwa kiasi gani, ipite kwenye spika au kwenye tundu la hedifoni, na amplifaya iwashwe au izimwe. Umeme ukikatwa, maagizo hayo hufutika. Mashine inapoamka, draiva, yaani programu inayoiongoza chipu hiyo, hulazimika kuyaandika upya moja baada ya jingine.

Hapo ndipo hitilafu nyingi huzaliwa. Draiva ikiruka hatua moja tu, tuseme ile ya kuwasha amplifaya, kila kitu kwenye skrini kitaonekana salama. Wimbo unasonga, mstari wa kupimia sauti unapanda na kushuka, lakini spika ziko kimya.

Kusoma dalili

Kabla ya kubadili chochote, dalili tatu hutofautishwa. Ya kwanza ni hiyo ya kipimo kinachocheza bila sauti kusikika. Maana yake programu na mfumo endeshi vinafanya kazi. Kasoro iko mbele zaidi, kwenye amplifaya, kwenye tundu, au sauti imepelekwa kwenye kifaa kingine. Ya pili ni kipimo kilichotulia tuli, huku video kwenye kivinjari ikikwama palepale. Video huenda kwa mwendo wa sauti, kwa hiyo huduma ya sauti ikiganda nayo huganda. Ya tatu ni kifaa kutoweka kabisa kwenye orodha, au alama ya spika kuwekewa msalaba mwekundu. Hapo draiva haijaamka, au haijakiona kifaa chake.

Kutoka mepesi kwenda mazito

Hatua ya kwanza ni kutazama sauti imeelekezwa wapi. Kompyuta iliyounganishwa na monita au televisheni kwa HDMI huweza kuamka mapema kuliko skrini yenyewe. Kwa muda huo mfupi kifaa cha HDMI hakipo, hivyo mfumo huchagua kingine. Au kinyume chake, monita huamka na kuchukua sauti ilhali haina spika. Kukichagua kifaa sahihi kwenye alama ya spika hutosha. Programu iliyokuwa wazi tangu kabla ya usingizi inaweza kuendelea kung'ang'ania kifaa cha zamani mpaka ifungwe na kufunguliwa tena.

Vifaa vya Bluetooth vina mkasa wao. Usingizi hukata mawasiliano, na hedifoni huweza kuhamia kwenye simu iliyo karibu. Zikirudi, wakati mwingine hurudi kwa hali ya maongezi ya simu, kwa sababu programu ya mikutano bado imeshikilia maikrofoni. Sauti huwa hafifu na ya njia moja (mono). Programu hiyo ikifungwa, na hedifoni zikakatwa na kuunganishwa upya, ubora hurejea. Kifaa cha USB huchomolewa na kuchomekwa tena, ikiwezekana kwenye tundu jingine.

Pale video zinapokwama, huduma ya sauti huanzishwa upya. Kwenye Windows huduma hizo ni mbili, Windows Audio na Windows Audio Endpoint Builder, na hupatikana kwenye dirisha la services.msc. Kwenye Mac, amri sudo killall coreaudiod huiua huduma, na mfumo huiwasha tena wenyewe. Kwenye Linux inayotumia PipeWire, hutumika systemctl --user restart pipewire pipewire-pulse wireplumber.

Huduma ikianzishwa upya bila mafanikio, zamu ni ya draiva. Kwenye Device Manager ya Windows kifaa cha sauti huzimwa kisha huwashwa. Kitendo hicho huilazimisha draiva iandike maagizo yote upya, na pia ni kipimo: sauti ikirudi, chipu ni nzima na kosa liko katika namna draiva inavyoamka. Kwenye Linux, ujumbe wa amri ya dmesg wenye jina snd_hda_intel huonyesha chipu ilipokataa kujibu.

Mwisho ni kuanzisha upya kompyuta yote, na hapa watumiaji wengi wa Windows hukosea. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, kuzima kompyuta yenye uanzishaji wa haraka si kuzima kamili, kwa sababu kiini cha mfumo pamoja na draiva huhifadhiwa kwenye faili la hiberfil.sys na kurudishwa vilevile kesho yake. Draiva iliyoganda hurudi imeganda. Chaguo la Restart ndilo linaloanza upya kweli.

Tiba ya kudumu

Hitilafu inayorudi kila baada ya usingizi hutibiwa kwenye draiva na kwenye BIOS, programu ya msingi inayoiwasha kompyuta. Draiva inayofaa zaidi kwa kompyuta mpakato ni ile ya mtengenezaji wa kompyuta yenyewe, kwa kuwa amplifaya na matundu hupangwa tofauti kwa kila toleo. BIOS husasishwa pia, maana majedwali ya ACPI yamo ndani yake. Tatizo likiwa limeanza baada ya sasisho, draiva ya zamani hurejeshwa. Kwenye Linux, kiini kipya cha mfumo (kernel) mara nyingi huja na marekebisho ya mashine mahususi. Ikiwa yote hayo hayakufaa, S4 hutumika badala ya S3, kwani BIOS huandaa vifaa upya mashine inapowashwa.

Fundi anayepokea mashine ya namna hii huuliza swali moja kwanza: je, sauti hurudi baada ya Restart? Ikiwa hurudi, spika na chipu ni nzima, na hakuna sababu ya kununua kifaa kipya wala kufungua kompyuta. Ikiwa hairudi, na hedifoni za waya nazo ni kimya hata kompyuta inapowashwa kwa mfumo mwingine kutoka kwenye flashi, ndipo bisibisi huchukuliwa.