Mwanga wa Jua na Mwanga wa Taa Majumbani Mwetu

Nyumba nyingi za Mgogoni, kisiwani Pemba, zimejengwa kwa kutanguliza stara kabla ya mwanga. Madirisha huwa madogo, mbao zake hufungwa jua linapokuwa kali, na ukumbi unaopita katikati ya vyumba hupata nuru kutoka mlango wa mbele na ule wa uani tu. Ujenzi huo una sababu zake, nasi hatukusudii kuubeza. Lakini matokeo yake ni kwamba taa huwashwa saa sita mchana, na mwenye nyumba hulipia kwa uniti za TUKUZA kitu ambacho kimejaa tele nje ya ukuta wake.

Hadi mwaka 2010 Pemba ilitegemea majenereta ya dizeli. Mwaka huo waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Pangani, mkoani Tanga, ulifika Ras Mkumbuu, na kisiwa kikaunganishwa na gridi ya Taifa. Kibatari na kandili vikaanza kupisha globu. Kwa mtumiaji aliyekwisha kufikiwa na umeme, swali si tena namna ya kupata mwanga usiku. Swali ni namna ya kuununua bila ya kupunjwa, na namna ya kutoununua pale usipohitajika.

Tuanze na ule wa bure. Pemba iko takriban nyuzi 5 kusini mwa Ikweta. Kwa hivyo jua la adhuhuri hupita karibu utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba. Mwezi wa Juni huegemea kaskazini, na Disemba huegemea kusini. Katika majira yote hayo adhuhuri yake iko juu sana, na upenu wa kadiri hutosha kulizuia lisiingie ndani moja kwa moja. Jua la asubuhi na la jioni ndilo lenye taabu, kwa kuwa huja chini na kupenya hadi kitandani. Anayejenga upya atafaidika akielekeza madirisha yake makubwa kaskazini na kusini: atapata mwanga mpole usio na joto kali, na juu ya hayo atapokea pepo zetu mbili, kaskazi na kusi. Waliojenga zamani walilijua hilo bila ya kupimiwa nyuzi.

Dirisha lililo juu ukutani huingiza mwanga mbali zaidi ndani ya chumba kuliko dirisha la ukubwa uo huo lililo chini, tena halivunji stara, maana mpita njia haoni ndani. Kwa hivyo pasiwe na haja ya kuchagua kati ya nuru na faragha.

Kwa nyumba iliyokwisha jengwa, dawa ya bei nafuu kuliko zote ni chokaa. Ukuta mweupe hurudisha sehemu kubwa ya mwanga unaoupiga. Ukuta wa udongo usiopakwa kitu, au uliopakwa rangi nzito, huumeza. Mkono mmoja wa chokaa katika ukumbi na juu ya dari unaweza kumwondolea mtu haja ya taa ya mchana, na usiku humwezesha kutumia globu ndogo zaidi. Tungemshauri kila mtu afanye hivyo kabla ya kwenda dukani. Bati la plastiki linalopitisha mwanga nalo lina faida, hasa jikoni na vyooni, ila linaingiza joto pamoja na nuru na hugeuka manjano baada ya miaka kadhaa ya jua. Juu ya chumba cha kulala hatulipendekezi.

Sasa tuje kwenye globu, ambako ndiko fedha za watu zinakopotea. Wati si kipimo cha mwanga. Wati hueleza umeme unaoliwa. Mwanga unaotoka hupimwa kwa lumeni. Globu ya zamani ya waya, ya wati 60, hutoa takriban lumeni 700 hadi 800, na nguvu yake nyingi huishia kuwa joto. Globu ya LED ya wati 9 hutoa mwanga kama huo. Ikiwashwa saa tano kila usiku kwa siku 30, ya zamani hula uniti 9. Ya LED hula uniti 1.35. Nyumba yenye taa nne inaweza kujipigia hesabu yenyewe.

Ujanja hufanyika kwenye boksi. Namba kubwa iliyoandikwa mbele, tuseme 100, pengine si wati za globu hiyo bali za globu ya zamani inayolinganishwa nayo. Wati halisi zimeandikwa kwa herufi ndogo ubavuni. Hapo hapajakuwa na kosa, mradi namba hiyo ndogo ipo na ni ya kweli. Soma lumeni, kisha zigawe kwa wati. Globu njema ya kawaida hutoa lumeni 80 hadi 110 kwa kila wati. Boksi linalodai lumeni 3,000 kwa wati 9 linadai jambo ambalo globu za madukani hazilifikii, na boksi lisilotaja lumeni kabisa halikupi cha kulishikia.

Muda wa kuishi nao ni ahadi. Saa 15,000, kwa saa tano kila siku, ni zaidi ya miaka minane. Iliyozimika mwezi wa tatu haikutimiza ahadi hiyo, japokuwa muuzaji atasema ni umeme tu. Pengine asema kweli: globu ya LED ina vifaa vidogo ndani yake vinavyoharibiwa na joto, na ukiifungia ndani ya kifuniko cha kioo kisichopitisha hewa huifupishia maisha. Ikiwa uliitumia inavyotakiwa, irudishe dukani pamoja na boksi na risiti. Kumlinda mtumiaji ni sehemu ya Sheria Nambari 5 ya mwaka 2018 ya Zanzibar, lakini dai lisilo na risiti ni gumu kulitetea. Omba risiti hata kwa globu moja, usione haya.

Kabla ya kulipa, omba iwashwe, kisha iangalie kwa kamera ya simu. Ukiona mistari mizito inayotembea, globu hiyo inapepesa, na wapo ambao kichwa huwauma kwa sababu hiyo. Angalia na rangi ya mwanga, inayoandikwa kwa kelvini: 2,700 hadi 3,000 ni ya manjano kama ya kandili, inafaa chumba cha kulala, 4,000 inafaa jikoni na mahali pa kusomea. Ile ya 6,500, nyeupe inayoelekea buluu, ndiyo wengi huiita yenye nguvu, ingawa rangi hiyo si ushahidi wa mwanga mwingi.

Kwa mtoto anayedurusu masomo ya skuli, mahali pa taa pana uzito kuliko ukubwa wake. Globu ikishushwa kutoka mita mbili hadi mita moja juu ya daftari, mwanga unaofika huwa karibu mara nne. Basi taa ndogo ya mezani, iliyowekwa upande wa kushoto kwa anayeandika kwa mkono wa kulia, humfaa zaidi kuliko globu kubwa iliyoning'inia chini ya bati. Mwanga hafifu humchosha macho, na macho yaliyochoka hufunga daftari mapema.

Umeme ukikatika, taa ya sola ni bora kuliko kibatari, ambacho moshi wake huvutwa na watoto na moto wake huweza kuunguza nyumba ya makuti. Iachwe juani tangu asubuhi, paneli yake ikiwa imefutwa vumbi.