Laptopu Ikikataa Kuunganishwa na Runinga Bila Waya

Kikundi kinapowasilisha mapendekezo yake mkutanoni na skrini ikakosa kuonyesha kitu, muda wa kuzungumza hupotea. Kabla ya kumwita fundi, fuata hatua hizi:

1. Hakikisha Wi-Fi ya laptopu imewashwa.

2. Fungua menyu ya runinga, uchague sehemu ya kupokea picha kutoka kifaa kingine. Runinga nyingi hazionekani kabla ya hapo.

3. Kwenye Windows 10 au 11, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi K. Orodha ya skrini zilizo karibu itatokea.

4. Isipoonekana, angalia mfumo wa runinga. Miracast huunganisha vifaa moja kwa moja, hata bila intaneti. Chromecast huhitaji vyote viwe kwenye Wi-Fi moja. Laptopu ikitumia hotspoti ya simu na runinga ikitumia Wi-Fi ya ploti, havitaonana.

5. Zima vyote viwili, uviwashe tena, kisha usasishe Windows.

Tahadhari: nyumba za Tassia zimebanana, na mawimbi ya Wi-Fi hupenya kuta. Runinga ya jirani inaweza kutokea kwenye orodha yako. Soma jina vizuri kabla ya kuunganisha, la sivyo majina ya wanachama na namba zao za vitambulisho yataonekana sebuleni kwa mtu mwingine.

Fanyeni jaribio siku moja kabla ya mkutano, na mbebe waya wa HDMI. Huo hauhitaji Wi-Fi.